Mashine Iliyokataa Kuamka

Mtaa wa Buxton hauko mbali na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kile kilichoanza kusomesha mwaka 1951 kikiwa Taasisi ya Elimu ya Kiislamu. Na kwa sababu ya ujirani huo si ajabu kumkuta huku kijana mwenye kompyuta ya mkononi iliyokwishatumiwa Ulaya, ambayo ndani yake mna mifumo miwili: Windows kwa kazi za ofisini, na Ubuntu kwa masomo ya programu. Siku moja nafasi ya Windows humwishia, naye, kwa kuona Ubuntu ina wasaa, hufuta patisheni moja (yaani sehemu ya diski) iliyokaa bure, akaipanua nyingine, akaizima mashine kwa raha zake. Akiiwasha tena, hakuna picha wala orodha ya kuchagulia. Kioo ni cheusi, juu pana maandishi ya Kiingereza yanayodai kwamba patisheni inayotafutwa haipo, na chini yake maneno mawili, grub rescue.

Fundi atakayeletewa mashine hiyo, aghalabu atatamka bila kusita kwamba diski imekufa, na kwamba hapana budi kuifomati na kupiga Windows upya. Shauri hilo, katika hali niliyoieleza, ni baya, kwani faili zote za mwenye mashine zingali salama mahali pale pale; kilichopotea ni anwani tu.

Katika diski iliyogawiwa kwa utaratibu wa zamani, kipande cha kwanza kabisa kina baiti 512, na katika hizo 446 ndizo zinazobeba maagizo ya kuamsha mashine, 64 ni jedwali la patisheni nne, na mbili za mwisho ni alama ya kuthibitisha. Maagizo ya baiti 446 hayawezi kufahamu mengi. Kazi yake ni kukiita kipande cha pili cha GRUB, programu inayoiamsha mifumo, kilichofichwa katika nafasi iliyo kabla ya patisheni ya kwanza, nacho ndicho kilichoandikiwa ndani yake, siku Ubuntu ilipoingizwa, kwamba mafaili mengine yapatikana, mathalan, katika patisheni ya sita. Sasa, patisheni za ndani huhesabiwa kuanzia tano, na ukiifuta ya tano, ile ya sita hugeuka kuwa ya tano papo hapo. Ni kama nyumba za zamani za Buxton zilipobomolewa ili pajengwe maghorofa: aliyeandikiwa barua kwa nambari ya mlango wa kale yu hai na anwani yake mpya anayo, ila mpeleka barua hana habari.

Dawa yake basi ni kumpa GRUB nambari ya sasa. Hapo hapo kwenye kioo cheusi andika ls, nayo itakutajia patisheni ilizoziona; kisha ichunguze moja moja, kwa kuandika, mathalan kwa ya tano, ls (hd0,msdos5)/boot/grub, mpaka uipate inayokutolea orodha ya mafaili badala ya lawama. Ukishaipata, andika set root=(hd0,msdos5), kisha set prefix=(hd0,msdos5)/boot/grub, kisha insmod normal, na mwisho normal, na orodha ya kuchagulia itarudi. Lakini jihadhari na maelekezo ya kale, maana GRUB ya kwanza, aliyoianzisha Erich Boleyn mwaka 1995, ilihesabu patisheni kuanzia sufuri, ilhali hii ya leo huanza na moja.

Hata hivyo tiba hiyo ni ya saa ile tu. Ukishaingia Ubuntu sharti uandike sudo grub-install /dev/sda, ukiitaja diski nzima kwa jina lake pasipo nambari ya patisheni mwishoni, kisha sudo update-grub. Na kama kioo hakikubali lolote, washa mashine kwa fleshi yenye Ubuntu, ufanye kazi hiyo kutokea huko. Wapo wanaokimbilia amri ya Windows ya bootrec /fixmbr. Hiyo huirudisha Windows kweli, lakini huiacha Ubuntu imefichika.

Mashine mpya zinazotumia jedwali la GPT, lenye nafasi za patisheni 128, zimesalimika na balaa hili kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa kufuta patisheni moja hakubadili nambari za nyingine, na Ubuntu huko huitafuta nyumba yake kwa kitambulisho kirefu kiitwacho UUID. Kitambulisho hicho hakibadiliki kwa kupanua wala kupunguza; hubadilika kwa kufomati.

Hatari ya hakika iko kwingine. Kuusogeza mwanzo wa patisheni ni kunakili kila kilichomo, kazi ya saa nyingi pengine, na stima ikikatika katikati, nawe una mashine ya mezani au betri iliyochoka, hapo data huharibika kwelikweli na hakuna ls itakayoirudisha. Nakili kwanza mambo yako kwenye diski ya nje.

Na ukifika kwa fundi, mwombe aandike ls kabla ya kufikiria kufomati. Akikataa, twaa mashine yako uende kwa mwingine.