Kutoka 'aliuawa' hadi 'alimuua': Tusomeje vitabu vya uhalifu?

Wanafunzi wa fasihi hawaachi kuniuliza swali hili: je, kitabu kinachosimulia mauaji yaliyotokea kweli na riwaya ya upelelezi ni utanzu mmoja? Wengi wao huvisoma vyote viwili, tena kwa uroho, usiku kucha, hata kama hawataki kuvitaja mbele ya mwalimu. Wana haki ya kuuliza. Damu ni ileile, polisi ni walewale, na taharuki inayomfanya mtu asahau ugali mezani ni ileile.

Jibu langu leo ni la kisarufi. Hebu tutazame vitenzi viwili: aliuawa na alimuua. Cha kwanza kiko katika kauli ya kutendwa. Kinatueleza lililompata mtu, lakini hakimtaji mtenda. Cha pili kiko katika kauli ya kutenda, na hakiwezi kutamkwa bila kumnyooshea mtu kidole.

Riwaya ya upelelezi ni safari ya kutoka kitenzi cha kwanza hadi cha pili. Mwanzoni tunaambiwa fulani ameuawa. Nani kamuua? Kimya. Kurasa mia mbili baadaye tunaambiwa fulani alimuua fulani, kwa njia hii na kwa sababu hii. Yote yaliyo katikati, yaani nyayo, barua, uongo wa mashahidi na saa iliyosimama, ni kazi ya kutafuta kiima cha sentensi.

Katika Kiswahili safari hii ilianza mapema. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka wa 1957–58 kwa hadithi yake *Mzimu wa Watu wa Kale*, iliyochapishwa 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, ana kiko chake mdomoni na rafiki yake Najum ubavuni, na wasomi wengi wameona kivuli cha Sherlock Holmes nyuma yake. Mahali penye imani nyingi za mizimu, Bwana Msa anamtafuta mtenda miongoni mwa walio hai. Baadaye zilifuata *Kisima cha Giningi* na nyinginezo.

Mwaka wa 1965 Faraji Katalambulla alitupa *Simu ya Kifo*. Kisha wakaja Elvis Musiba na Willy Gamba wake katika *Kufa na Kupona*, na Ben Mtobwa na Joram Kiango wake. Tuweke tofauti hapa, maana watu huchanganya. Mpelelezi hutafuta nani alitenda tendo lililokwisha kutendeka. Jasusi hushughulika na siri za dola na aghalabu hupigania kuzuia tendo lisitendeke. Bwana Msa ni mpelelezi. Willy Gamba ni jasusi. Zote mbili huitwa riwaya pendwa, na kwa muda mrefu baadhi yetu vyuoni tulilitamka neno hilo kama tusi.

Katika riwaya, mwandishi ana deni moja tu: kumpa msomaji mtenda. Anaweza kumchagua amtakaye, kwa kuwa wote ni watu wa karatasi. Akimpa kosa mpishi badala ya daktari, hakuna mpishi atakayelala njaa.

Sasa tuje kwa kisa cha kweli, ambapo mambo hugeuka.

Edgar Allan Poe wa Marekani, anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa hadithi ya upelelezi kutokana na kazi yake ya 1841, aliigundua shida hii mapema sana. Mwaka wa 1841 maiti ya msichana Mary Rogers ilipatikana katika Mto Hudson, karibu na New York. Poe alikichukua kisa hicho, akakihamishia Paris, akambadilisha msichana jina na kukichapisha kwa sehemu kuanzia 1842, huku mpelelezi wake akidai kulifumbua fumbo. Alipokichapisha tena 1845, alirekebisha baadhi ya maelezo, kwa sababu habari mpya za kesi hazikuoana na aliyokuwa amesema. Kesi yenyewe haikutatuliwa. Hadithi ilitaka kauli ya kutenda. Ukweli ulibaki katika kauli ya kutendwa.

Hapa kwetu Kenya tuna mfano ulio wazi zaidi. Alfajiri ya Januari 24, 1941, Waafrika wawili waliokuwa wakisafirisha maziwa kwa lori walilikuta gari karibu na Karen, nje ya Nairobi. Ndani mlikuwa na maiti ya Lord Erroll, mlowezi mashuhuri, aliyepigwa risasi kichwani. Sir Jock Delves Broughton, ambaye mkewe alikuwa na uhusiano wa kimapenzi na marehemu, alishtakiwa. Wakili wake, Harry Morris kutoka Afrika Kusini, alishambulia ushahidi wa risasi: alama zake hazikulingana na aina ya bastola iliyodaiwa kutumika. Mwezi wa Julai mwaka huohuo mahakama ilimwachilia Broughton. Desemba 1942 alijiua huko Liverpool.

Kisheria, sentensi ya kesi hiyo ni moja tu: Erroll aliuawa. Basi. Lakini vitabu havikukubali kuishia hapo. James Fox, katika *White Mischief* cha 1982, alihitimisha kwamba Broughton ndiye aliyemuua. Errol Trzebinski, katika kitabu chake cha mwaka wa 2000, alidai kuwa ni kazi ya majasusi wa Uingereza. Maiti ni moja, vitabu ni viwili, na kila kimoja kina kiima chake. Wote wawili walifanya utafiti, na wote wawili wanasomeka vizuri. Hata hivyo, msomaji anayefunga mojawapo ya vitabu hivyo na kutangaza, "Sasa najua nani alimuua," amekisoma kama riwaya. Alichopewa ni hoja ya kupimwa, naye ameipokea kama hukumu.

Kuna vitabu ambavyo mtenda anajulikana tangu ukurasa wa kwanza. *In Cold Blood* cha Truman Capote kilichotoka 1966 kinasimulia mauaji ya watu wanne wa familia moja katika kijiji cha Holcomb, Kansas, mnamo Novemba 1959. Wauaji wawili walihukumiwa na kunyongwa 1965. Hapo swali si nani, bali kwa nini. Capote alikiita riwaya isiyo ya kubuni, na alijigamba kuhusu usahihi wake. Ila mandhari ya mwisho, ambapo mpelelezi anakutana makaburini na rafiki wa binti aliyeuawa, hayakutokea. Aliyabuni kwa sababu alitaka mwisho mtulivu. Kosa hilo linaonekana dogo, lakini limewaachia wasomaji swali ambalo halitaisha: kama aliibuni hii, alibuni nini kingine?

Nasi tunaye John Kiriamiti. *My Life in Crime*, kilichochapishwa 1984, kinasimuliwa na mtenda mwenyewe kwa nafsi ya kwanza, baada ya miaka mingi gerezani kwa wizi wa mabavu. Ni vigumu kumpata Mkenya wa rika fulani ambaye hakukisoma akiwa amekificha chini ya dawati. Utamu wake unatokana na hiyo "mimi". Lakini wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Anayesimulia uhalifu wake huchagua wapi pa kucheka na wapi pa kunyamaza. Karani wa benki aliyeelekezewa bunduki hana sura ya kueleza usiku wake ulikuwaje. Nampa Kiriamiti heko kwa jambo moja: mwaka wa 1989 alitoa *My Life with a Criminal: Milly's Story*, ambamo mwanamke aliyeishi na mhalifu huyo ndiye msimulizi. Vitabu hivyo visomwe pamoja.

Sasa turudi kwenye lugha, maana Kiswahili kina tahadhari zake ambazo tunazidharau. Tazameni nomino mshukiwa na mshtakiwa. Zote zimeundwa kutokana na vitenzi vya kutendwa: shukiwa, shtakiwa. Hazisemi mtu huyo alifanya nini. Zinasema wengine wamemfanyia nini. Wamemshuku. Wamemshtaki. Kinyume chake, mhalifu na muuaji ni watenda. Kuna mto mpana kati ya jozi hizi mbili, na daraja lake ni hukumu ya mahakama. Kifungu cha 50 cha Katiba ya Kenya kinampa mshtakiwa haki ya kuchukuliwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Sarufi yetu inasema jambo hilohilo kwa viambishi viwili tu.

Vivyo hivyo mwathiriwa. Wengi siku hizi huandika mwathirika. Kuathirika ni kuwa katika hali fulani, kama kikombe kinavyovunjika bila kutajwa aliyekivunja. Mwathiriwa ameathiriwa na mtu. Katika habari za uhalifu, mimi hulichagua hili la pili, kwa sababu linamkumbusha msomaji kwamba kuna mkono uliotenda, hata kama bado hatuujui. Na jamani, tuache kuandika kwamba aliyechomwa kisu "alipoteza maisha yake", kana kwamba ameangusha kitambulisho ndani ya matatu. Aliuawa.

Sheria nayo inatudai uangalifu. Kanuni ya Adhabu ya Kenya inatenga kuua bila kukusudia, katika kifungu cha 202, na kuua kwa kukusudia, katika kifungu cha 203. Kiswahili cha magazeti huyaita yote mauaji. Mwandishi wa kisa cha kweli asipoongeza maneno mawili ya ufafanuzi, amembebesha mtu kosa ambalo huenda mahakama haikumtwika.

Swali linabaki: mbona tuna riwaya nyingi za upelelezi kwa Kiswahili, lakini vitabu vya visa vya kweli ni adimu? Sababu ni nyingi, zikiwamo gharama za utafiti na hofu ya kushtakiwa. Moja, nadhani, ni ya lugha. Sheria inasema lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Shahidi husema kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama, mkalimani hutafsiri, na faili huhifadhi Kiingereza. Mwandishi atakayelifungua faili hilo miaka ishirini baadaye hatayapata maneno ya shahidi. Atakuta kivuli chake.

Chukulia shahidi amesema: "Alikuja usiku, akamwita, akatoka naye." Nani mwanamume na nani mwanamke? Kiswahili hakisemi, kiambishi a- na kiambishi -m- havijali jinsia. Kiingereza kinalazimisha kuchagua. Mkalimani akichagua vibaya, kosa linaingia kwenye rekodi, na huko linaonekana safi kama ukweli. Mwandishi wa riwaya hulitumia pengo hilohilo kwa raha: anaweza kumficha muuaji nyuma ya a- hadi sura ya mwisho bila msomaji kushuku kwamba muuaji ni bibi mpole wa jirani. Kwenye riwaya pengo hilo ni mbinu. Kwenye kesi linaweza kumfunga mtu maisha.

Kwa hiyo, unaposoma kitabu cha kisa cha kweli, nakuomba ufanye mambo matatu. Kwanza, kila unapokutana na kitenzi cha kutenda, uliza: mwandishi amejuaje? Je, ni mahakama iliyosema, shahidi, au mwandishi mwenyewe? Pili, uliza nani anasimulia na nani amenyamazishwa. Tatu, mtafute marehemu. Je, alikuwa na kazi, utani, madeni, watoto, kabla ya ukurasa alipouawa? Kama kitabu kinamjua muuaji hadi rangi ya soksi zake, na marehemu ni jina na idadi ya majeraha tu, basi kitabu hicho kimemuua mara ya pili.

Riwaya ya upelelezi isome kwa raha zako. Hakuna anayedaiwa humo, na Bwana Msa hatakukasirikia ukikosea kumtambua mwovu. Tena akili iliyozoea kumsaili msimulizi wa Bwana Msa hujifunza kumsaili na msimulizi wa kisa cha kweli.

Kwa wale wanaoweza kuviandika visa hivi kwa Kiswahili, yaani wanahabari wa mahakamani, mawakili na maafisa wa polisi waliostaafu, nina ombi moja. Andikeni, maana kumbukumbu za kesi zetu hazipaswi kusomwa kwa lugha ya kuazima tu. Lakini ushahidi unapokoma, kitenzi nacho kibaki katika kauli ya kutendwa. Kumwacha msomaji bila jibu si aibu. Kumpa jina la mtu ambaye hukuthibitisha kuwa alitenda ni dhuluma, na mtu huyo ana watoto wanaosoma magazeti.