Je, Wajua? Nanasi, Tui na Ramu

Je, wajua kwamba mkazi wa Witeithie, Kaunti ya Kiambu, anayetaka kujitengenezea piña colada (kinywaji cha nanasi, tui na ramu) nyumbani yuko karibu na mananasi kuliko wahudumu wengi wa baa za London? Thika, penye mashamba na kiwanda cha Del Monte, ni mwendo mfupi tu wa matatu.

Je, wajua kinywaji hiki ni cha Puerto Rico? Anayetajwa zaidi kuwa mbunifu wake ni Ramón Marrero wa hoteli ya Caribe Hilton, San Juan, mwaka wa 1954. Mwaka wa 1978 kisiwa kilikitangaza kuwa kinywaji chake cha taifa.

Je, wajua kwamba nazi ilikuwa mgeni huko? Mabaharia Wareno waliichukua pande za Bahari ya Hindi, wakaipanda Cape Verde, kisha katika karne ya 16 ikavuka Atlantiki. Nanasi lilisafiri kinyume, kutoka Amerika Kusini hadi kwetu. Columbus na watu wake walilikuta Guadeloupe mwaka wa 1493.

Je, wajua kwamba nanasi likishavunwa haliongezi utamu? Litabadilika rangi na kulainika, lakini halina akiba ya wanga wa kugeuza kuwa sukari. Basi usinunue bichi ukitumaini litaiva kabatini. Linuse kwenye kitako. Lisiponukia, mrudishie muuzaji.

Je, wajua kwa nini maziwa hayafai kuchukua nafasi ya tui? Kiambu ni kaunti ya ng'ombe wa maziwa, kwa hiyo kishawishi kipo. Lakini nanasi lisilopikwa lina kimeng'enya kiitwacho bromelini, ambacho hukatakata protini. Likichanganywa na maziwa, baada ya muda mfupi mchanganyiko huwa mchungu na kuganda mabonge. Kimeng'enya hichohicho ndicho kinachowasha ulimi ukila nanasi jingi, na ndicho kinacholainisha nyama ngumu. Moto hukiua, ndiyo maana juisi ya kopo, iliyokwisha kupashwa moto kiwandani, haina tatizo hilo. Hata hivyo, kwa ladha, mimi nasimama na nanasi lisilopikwa na tui, siku zote.

Tui lenyewe liwe zito: kuna nazi kwa mbuzi, tia maji ya uvuguvugu kidogo sana, kamua, chuja. Maji ya dafu hayafai hapa. Wa Puerto Rico hutumia krimu ya nazi iliyotiwa sukari, kwa hiyo ukitumia tui ongeza kijiko kimoja cha sukari.

Je, wajua ramu hutokana na nini? Ni miwa: juisi yake, au mara nyingi zaidi molasi inayobaki sukari ikishatolewa. Huchachushwa, kisha hukenekwa. Hapa Kenya, Muhoroni, kampuni ya Agro-Chemical and Food hutengeneza spiriti kwa molasi. Usipopata ramu nyeupe, spiriti ya miwa kama Kenya Cane itakufaa, ingawa ladha yake ni nyepesi zaidi.

Tafadhali, hakikisha chupa ina stempu ya ushuru ya KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya). Mwezi wa Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua makumi ya watu nchini na kuwapofusha wengine. Methanoli huwezi kuitambua kwa kunusa wala kwa kuonja.

Je, wajua vipimo? Kwa glasi moja: ramu mililita 50, tui zito mililita 30, ambazo ni vijiko vikubwa viwili, na juisi ya nanasi mililita 50. Saga kwenye blenda pamoja na barafu. Bora zaidi, gandisha vipande vya nanasi usiku kucha na uvitumie badala ya barafu na juisi. Kinywaji kitakuwa kizito na hakitazimuka.

Je, wajua glasi hiyo ina nguvu gani? Mililita 50 za ramu ya asilimia 40 zina mililita 20 za alkoholi. Chupa ya Tusker ya nusu lita, yenye asilimia 4.2, ina 21. Utamu na baridi huificha alkoholi, kwa hiyo pima, usimimine kwa kukisia, na anayeendesha gari asiguse.

Saga kwanza nanasi na tui bila ramu, ujaze glasi za watoto na za wasiokunywa pombe. Ramu ifuate baadaye, kwenye glasi ya mtu mzima anayeitaka.