Afya: Gegedu la goti huchakaa kimya kimya, maumivu huja nyuma

Mjini Bukavu, wanawake wanaobeba mizigo mgongoni, kamba ikiwa imepita kwenye paji la uso, hupanda na kushuka milima ya Kadutu kutwa nzima. Goti likianza kuuma, wengi husema ni uchovu, au ni baridi ya usiku. Lakini namna goti lilivyoumbwa inaonyesha kwamba mara nyingi maumivu hayo hufika yakiwa yamechelewa.

Ncha za mifupa ndani ya goti zimefunikwa na gegedu, tabaka laini na jeupe lenye unene wa milimita 2 hadi 4 hivi. Asilimia 65 hadi 80 ya uzito wake ni maji. Maji hayo yameshikwa ndani ya wavu wa nyuzi za kolajeni pamoja na chembe zinazoyavuta na kuyazuia yasitoke haraka.

Mtu anapokanyaga, maji hubanwa lakini hayapati nafasi ya kukimbia. Ndiyo maana katika sekunde za kwanza maji ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya uzito, na mifupa huteleza bila kukwaruzana. Uzito ukikaa kwa muda mrefu, maji huvuja polepole, gegedu hupungua unene, na mzigo unahamia kwenye nyuzi. Mtu akipumzika, maji hurudi.

Kazi hiyo si ndogo. Kwenye njia tambarare, goti hubeba mara 2 hadi 3 ya uzito wa mwili kwa kila hatua, na kwenye ngazi huzidi hapo. Gunia la mgongoni huongezwa juu ya hesabu hiyo.

Tatizo ni kwamba gegedu halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Kwa kukosa damu, hujilisha kwa ute wa kwenye kiungo, ambao husukumwa na mwendo wenyewe, na likichanika halijitengenezi vizuri. Mganga William Hunter aliandika jambo hilo mjini London tangu mwaka 1743. Kwa kukosa mishipa ya fahamu, gegedu haliumi. Kinachouma ni mfupa ulio chini yake na ngozi laini inayozunguka kiungo, wakati uharibifu umekwisha kufika mbali.

Ugonjwa huo unaitwa artrozi. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, watu milioni 528 duniani walikuwa nao mwaka 2019. Goti ndilo linaloshambuliwa zaidi, na asilimia 60 ya wagonjwa ni wanawake.

Hakuna dawa inayorudisha gegedu lililokwisha. Kinachosaidia ni kupunguza uzito unaoliangukia goti, kutua mzigo na kupumzika njiani, na kuimarisha misuli ya mapaja. Kulala kitandani siku nyingi si tiba, kwa sababu kiungo kisichotembea hukosa chakula chake.

Kwa mbebaji, ushauri huo una bei. Yeye hulipwa kwa mzigo, si kwa saa, na kugawa gunia moja katika safari mbili ni kupoteza safari nyingine. Ila goti likivimba, au likikataa kukunjika, ni lazima afike kituo cha afya mapema, kabla halijamzuia kupanda mlima kabisa.