Dawa ya Nyumbu ni Miguu Yake

Wengi wetu tukaao Pwani humjua nyumbu wa porini kwa kumchungulia dirishani. Basi au treni itokayo Mombasa ikaribiapo Athi River, huonekana uwandani wanyama weusi wenye ndevu na pembe zilizopinda. Tukaoneshana, safari ikaendelea. Mimi nilikwenda Kitengela na swali moja: wanyama hawa watoka wapi na waenda wapi?

Jibu liko katika nyasi na maji. Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, ina ukubwa wa kilomita za mraba 117 tu. Sehemu kubwa yake imezungushwa ua, ila upande wa kusini, penye Mto Mbagathi, uliachwa wazi. Wakati wa kiangazi nyumbu na punda milia huingia mbugani kutafuta maji. Mvua zinyeshapo huvuka mto kwenda nyanda za Kitengela na Kapiti, huku Vilima vya Ngong vikiwa magharibi yao. Huko nyasi ni fupi na zina madini anayoyahitaji jike anyonyeshaye. Kiangazi kikirudi, nao hurudi. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Msomaji, Mwenyezi Mungu amempa kila kiumbe hila yake ya kupambana na ukame. Huko Australia, kangaruu mwekundu jike aweza kuwa na mtoto mfukoni anyonyaye, na mimba changa tumboni iliyolala bila kukua. Mtoto wa mfukoni akifa au akikaribia kutoka, ile mimba huamka. Ukame ukizidi, huacha kabisa kushika mimba. Nyumbu hana hila hiyo. Hubeba mimba miezi minane au zaidi kidogo, na majike huzaa karibu wote pamoja, ili simba na fisi washindwe kuwamaliza watoto. Mimba yake haingoji mvua. Yeye huifuata mvua kwa miguu.

Kwa hiyo ua kwake ni hatari kubwa. Australia ya Magharibi ilijenga ua mrefu kati ya mwaka 1901 na 1907 kuzuia sungura walioletwa kutoka Uingereza. Lakini emu, ndege jamaa ya mbuni, naye hufuata mvua. Katika ukame wa mwaka 1976 emu kwa maelfu walikwama uani, wengi wakafa.

Kitengela ua haukujengwa siku moja. Tangu miaka ya 1980 ardhi iliyokuwa ya jamii iligawanywa, kila mtu akapata hati yake. Wengine waliuza, vikaja viwanda, machimbo ya mawe, nyumba na seng'enge. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu wa nyanda za Athi na Kapiti walipita 20,000. Kufikia mwaka 2011 hawakufika 5,000.

Je, mfugaji alaumiwe? Mzee mmoja wa Kimaasai aliniambia kuwa ugomvi wake si na nyumbu, bali na ndama wa nyumbu. Ana haki. Ndama huyo, katika miezi yake ya mwanzo, hutoa virusi visivyomdhuru yeye, lakini ng'ombe akivipata ni nadra kupona. Zamani, msimu wa kuzaa ulipofika, Wamaasai walihamisha mifugo mbali na nyumbu, wakawaachia nyasi zile nzuri. Leo atahamia wapi, na jirani zake wamezungusha seng'enge? Ua uliomfunga nyumbu umemfunga na ng'ombe.

Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 za Marekani kwa ekari kwa mwaka, mradi wasizungushe ua wala kuuza. Fedha hizo zilisaidia karo za watoto. Lakini bei ya kiwanja karibu na Nairobi hupanda kila uchao, na dola nne haziwezi kushindana nayo.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye deni. Mgeni hulipa kiingilio mlangoni mwa mbuga kuwatazama nyumbu, kumbe malisho yao ya masika yako nje, katika shamba la mtu. Wanaofaidika na nyumbu hawana budi kumlipa mwenye shamba hilo ijara inayolingana na thamani ya ardhi yake. Bila hivyo ataiuza, na nyumbu hatakuwa na njia ya kupita.