Kompyuta Zisizo na Diski Zinapokataa Kuwaka

Maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, PXE-E53, yamewafanya mafundi wengi waifute Linux yote kwenye seva na kuisakinisha upya. Kazi ikachukua kutwa nzima, na mwisho wake maandishi yakawa yaleyale, kwa kuwa seva haikuwa na tatizo. Mtu alikuwa amechomeka ruta ya pili ya Wi-Fi kati ya seva na swichi ya darasa, na ruta hiyo ikawa inajibu maombi yaliyokusudiwa kuifikia seva.

Maabara ya kompyuta zisizo na diski ina fadhila ambayo maabara ya kawaida haina. Kila kituo, yaani kompyuta ya mwanafunzi, huwaka kwa hatua zinazofuatana, kila hatua ina huduma yake, na kituo kikikwama hutaja chenyewe hatua kilipokwamia. Fundi akisoma kilichoandikwa kwenye skrini, nusu ya kazi imekwisha kabla hajagusa kibodi.

Mfumo ninaouzungumzia ni LTSP, mradi huria ulioanzishwa Marekani mwaka 1999 na Jim McQuillan. Enzi hizo kituo kilikuwa skrini, kibodi na kipanya tu. Programu zote ziliendeshwa ndani ya seva, na kilichopita kwenye kebo ni picha ya skrini. Mwongozo uliotumika sana wakati wa Ubuntu za mwanzo ulisema seva iwe na MB 256 za RAM, kisha MB 192 kwa kila mtumiaji. Kwa watumiaji 20 hiyo ni GB 4 kamili. Kwa vivinjari vya leo, wanafunzi watatu au wanne wenye kurasa nyingi wazi wanaweza kuimaliza.

RAM ungeweza kuiongeza. Kebo ndiyo iliyoleta taabu. Chukua video inayojaza skrini ya nukta 1024 kwa 768, kila nukta biti 24, picha 25 kwa sekunde. Zidisha: karibu megabiti 470 kila sekunde, kwa mwanafunzi mmoja. Swichi ya megabiti 100 haiwezi, na hata ya gigabiti inaelemewa na wanafunzi watatu. LTSP ya leo inalikwepa tatizo hilo. Iliandikwa upya mwaka 2019, kazi iliyoongozwa na Alkis Georgopoulos wa Ugiriki, ambako mfumo huu hutumika mashuleni. Sasa kituo husoma mfumo kutoka kwenye seva kupitia mtandao, na kinauendesha kwa prosesa na RAM yake chenyewe. Kwa hiyo kituo cha leo hakina diski, lakini kazi kinaifanya chenyewe. RAM ya GB 2 ni ya kubanana. Ukipata GB 4 utafanya kazi kwa raha.

Usakinishaji nitaupitia haraka, kwa sababu si hapo watu wanapokwama. Unasakinisha Linux ya kawaida kwenye seva, yenye eneokazi na programu zote unazotaka wanafunzi wazione. Unaipa seva anwani ya IP isiyobadilika. Unaongeza vifurushi vya ltsp, dnsmasq, nfs-kernel-server, openssh-server na squashfs-tools. Na epoptes, kama mwalimu anataka kuona skrini za darasa zima akiwa mezani pake. Kisha unatoa amri tano: `ltsp dnsmasq`, `ltsp image /`, `ltsp ipxe`, `ltsp nfs` na `ltsp initrd`. Amri ya pili hukamua mfumo wa seva yenyewe kuwa faili moja, `/srv/ltsp/images/x86_64.img`, ambayo vituo vinaweza kuisoma lakini haviwezi kuiandika. Mwanafunzi akiharibu chochote kwenye mfumo, uharibifu unabaki kwenye RAM ya kituo chake na kutoweka mashine ikizimwa. Kwa maabara ya shule sijui sifa nyingine inayoipita hiyo.

Sasa twende kwenye kukwama.

Kituo kikiwashwa, kadi ya mtandao hupaza sauti kwa wote waliomo mtandaoni: nani atanipa anwani? Swali hilo hupita kwenye UDP, mlango wa 67. Ukiona PXE-E51, maana yake hakuna aliyejibu kabisa. Usiiguse seva bado. Angalia taa ya kadi, kebo, tundu la swichi. Kama swichi ni zile kubwa zenye ulinzi dhidi ya mizunguko ya kebo, yaani STP, tundu huweza kukaa sekunde 30 likisikiliza kabla ya kupitisha chochote, na kadi inakuwa imeshakata tamaa. Dalili yake ni kwamba kituo hushindwa kikiwashwa, lakini ukikilazimisha kujaribu tena papo hapo kinafaulu. Dawa ni kuwasha mpangilio unaoitwa PortFast, au jina lolote ambalo mtengenezaji ameupa, kwenye matundu ya vituo.

PXE-E53 ni habari nyingine. Hapa kituo kimepewa anwani, ila hakikuambiwa jina la faili la kuanzia. Kwa kawaida ruta ya intaneti ndiyo hugawa anwani, na dnsmasq kwenye seva huongezea tu maelezo ya faili; mpangilio huu huitwa proxy DHCP. Kwa hiyo E53 inakwambia kuwa ruta imesikika na seva haijasikika. Toa amri `systemctl status dnsmasq` uone kama huduma iko hai. Ikiwa hai, basi kuna kitu kati ya seva na kituo: ngome (firewall) ya ufw imefunga mlango, au ile ruta ya pili niliyoitaja mwanzoni, ambayo hugawa anwani zake na haipitishi mwito wa kituo upande wa pili. Linganisha anwani ya kituo na ya seva. Kama seva ni 192.168.1.10 na kituo kimepewa 192.168.0.23, mara nyingi umeshampata mhusika. Zipo pia kadi za zamani zisizoielewa proxy DHCP kabisa. Hizo dawa yake ni kuipa seva kadi ya pili ya mtandao, vituo vyote vikae upande huo, na seva igawe anwani yenyewe.

PXE-E32 inamaanisha jina la faili limefika, lakini faili lenyewe halipatikani kwa TFTP, mlango wa 69. Mara nyingi ni ngome tena, au seva imebadilishiwa anwani na bado vituo vinaelekezwa kwenye ile ya zamani.

Palipo na shaka, ipo amri moja ambayo ningependa kila fundi wa maabara aijue kwa moyo: `tcpdump -ni eth0 port 67 or port 69`, na badala ya eth0 uweke jina la kadi yako. Iendeshe kwenye seva, kisha mwambie mwenzako awashe kituo kimoja. Usipoona mstari hata mmoja, seva haisikii chochote, na hakuna faili la mipangilio litakalobadilisha hilo. Ukiona maombi ya mlango wa 67 yanaingia na majibu hayatoki, basi sasa ndipo uilaumu seva.

Kompyuta mpya kidogo zina kikwazo chake. Secure Boot ikiwa imewashwa kwenye UEFI, hukataa programu ya kuwashia ya iPXE isiyo na saini inayoikubali, na kituo huruka moja kwa moja kutafuta diski ambayo hakina. Izime kwenye mipangilio ya mashine. Anayepokea kompyuta zilizotumika kutoka ng'ambo afanye hivyo siku ya kwanza, mashine moja baada ya nyingine, kabla hazijapangwa mezani.

Baada ya iPXE hupakiwa kerneli, na hapo kukwama huwa nadra. Ukiishia kwenye neno `(initramfs)` na kishale kinachopepesa, kerneli imewaka lakini haijaipata picha ya mfumo. Hakikisha `ltsp nfs` ilitolewa na huduma ya NFS inafanya kazi.

Malalamiko ninayoyasikia zaidi huja baada ya hapo, vituo vyote vikiwa vimewaka vizuri. Mwalimu amesajili wanafunzi wapya kwenye seva, majina na nywila ni sahihi, lakini hakuna anayeweza kuingia. Wa zamani wanaingia bila shida. Sababu ni kwamba orodha ya watumiaji, pamoja na funguo za SSH za seva na faili la `/etc/ltsp/ltsp.conf`, hufungashwa ndani ya kifurushi kidogo ambacho kila kituo hukichukua wakati wa kuwaka. Usipokifungasha upya, vituo vinaendelea kuishi na orodha ya mwezi uliopita. Toa amri `ltsp initrd`, washa vituo upya, wanaingia. Ndivyo ilivyo pia ukibadilisha chochote kwenye ltsp.conf. Na ukisakinisha programu mpya kwenye seva, vituo havitaiona mpaka urudie `ltsp image /`.

Kama hata wa zamani wamekataliwa, tazama mipangilio ya SSH. Nywila ya mwanafunzi huhakikiwa kwa SSH, na folda yake ya nyumbani huletwa kwa njia hiyohiyo. Msimamizi mwenye bidii aliyesoma mahali kuwa ni salama kuandika `PasswordAuthentication no` amelifungia nje darasa zima. Ushauri aliousoma ni mzuri kwa seva iliyo wazi kwenye intaneti. Hapa hauwezekani.

Halafu kuna uzito. Vituo vinawaka, watu wanaingia, lakini kila kitu ni kwikwi. Wengi hukimbilia kununua RAM ya seva. Mimi ningeanza na `ethtool eth0` na kutazama mstari wa Speed. Kebo ya gigabiti hutumia jozi zote nne za nyaya. Megabiti 100 hutumia jozi mbili tu. Waya mmoja ukikatika kwenye kichwa kilichobanwa vibaya, seva na swichi huweza kukubaliana kimyakimya kushuka hadi megabiti 100, taa zikiendelea kuwaka kana kwamba kila kitu ni sawa. Tuseme vituo 30 vinawashwa kwa pamoja saa mbili asubuhi, na kila kimoja kinasoma MB 300 kabla ya kumwonyesha mwanafunzi eneokazi. Hizo ni GB 9. Kwa gigabiti ni dakika moja na ushee. Kwa megabiti 100 ni dakika 12, na kipindi ni cha dakika 40. Kichwa cha kebo cha bei ya andazi kimekula karibu theluthi ya somo.

Hali ya kinyume nayo ipo: seva iko kwenye gigabiti kwelikweli, vituo vichache vya zamani viko kwenye megabiti 100, na darasa zima linakuwa zito. Baadhi ya swichi, kituo cha polepole kikishindwa kupokea, huiambia seva isubiri, nayo husubiri kwa wote. Utaratibu huo huzimwa kwa `ethtool -A eth0 autoneg off rx off tx off`. Jaribu, pima, na kama hakuna tofauti urudishe kama ulivyokuwa.

Kuhusu umeme, mpango huu una unafuu wake. Kituo kisicho na diski kikikatikiwa na umeme hakiharibu mfumo, kwa kuwa hakikuwa kikiuandika. Kazi za wanafunzi zote ziko kwenye seva, kwa hiyo fedha ya UPS ielekezwe huko, na nakala ya `/home` na `/etc/ltsp` iwekwe kwenye diski ya nje kila wiki. Swichi nayo ichomekwe kwenye UPS hiyohiyo. Ikizimika yenyewe huku vituo vyenye betri, kama laptopu za zamani, bado vinawaka, vituo hivyo hupoteza mfumo uliokuwa ukisomwa kupitia mtandao na kuganda palepale, na aliyekuwa katikati ya insha bila kuihifadhi ameipoteza.