Nyambizi Bila Kundi: Vita vya Bahari Hindi, 1941 hadi 1944

Februari 1941, majeshi ya Uingereza yaliyokuwa yamejikusanya upande wa Garissa na Mto Tana yalivuka mpaka kuingia Somalia ya Waitaliano. Wengi wa askari hao walitoka Afrika Mashariki, Gold Coast na Afrika Kusini. Tarehe 14 Kismayu ikaanguka, tarehe 25 Mogadishu. Huku kwetu habari hizo husimuliwa kama vita vya vumbi, malori na kiu. Mimi huzisoma pia kama habari za baharini. Massawa ilitekwa Aprili na Assab Juni, na tangu hapo Ujerumani na Italia hazikuwa na bandari yao hata moja katika pwani ya mashariki ya Afrika. Nyambizi iliyotaka kuwinda meli kati ya Aden na Mombasa ilipaswa kuleta mafuta na torpido zake kutoka mbali sana. Askari aliyekanyaga mchanga wa Afmadow alikuwa amechangia jambo hilo bila kuiona bahari.

Ili kuelewa uzito wake, tuanze na kundi.

Anayechunga mbuzi anaijua hesabu hii. Mbuzi 40 waliotawanyika porini, popote fisi alipo atakutana na mmoja wao. Wakitembea pamoja, pori kubwa linawaficha, na hata fisi akiwapata atanyakua mmoja tu kabla mchungaji hajamtimua. Kwa hesabu hiyohiyo Waingereza, mwaka 1917, walianza kuzikusanya meli za mizigo katika misafara yenye manowari za kuisindikiza. Karl Dönitz, ofisa kijana wa nyambizi za Ujerumani, alitekwa mwaka 1918 baada ya kuushambulia msafara wa namna hiyo akiwa peke yake. Alipopewa uongozi wa nyambizi zote, jibu lake lilikuwa kuleta fisi wengi kwa wakati mmoja.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Nyambizi zilipangwa kwenye mstari mrefu, zikikingama njia ya meli. Ile iliyouona msafara haikuruhusiwa kukurupuka. Iliufuata kwa mbali, ikapeleka habari kwa redio makao makuu, na makao makuu yakaziita nyingine. Zilipofika za kutosha ziliingia usiku, zikielea juu ya maji, kwa sababu mitambo ya sauti ya manowari ilitengenezwa kumsaka adui aliyezama chini. Oktoba 1940 msafara wa SC 7, wenye meli 35, ulipoteza meli 20 katika Atlantiki kwa mtindo huo.

Kwa maoni yangu, nguvu ya kundi ilikuwa macho kabla ya meno. Baharia aliyesimama kwenye mnara wa nyambizi yuko mita chache tu juu ya maji, na upeo wa macho yake ni mfupi. Weka nyambizi 10 kwenye mstari, unapata jicho refu linaloweza kufunga njia nzima. Huku kwetu jicho hilo halikuwahi kupatikana. Katikati ya mwaka 1943 Dönitz aliziagiza nyambizi 11, kundi lililoitwa Monsun, ziende Bahari Hindi na kufanya makao Penang, kwenye bandari iliyoshikwa na Wajapani. Nyingi hazikufika, ndege ziliziwahi Atlantiki. Mojawapo ya zilizofika, U-533, ilizamishwa na ndege katika Ghuba ya Oman tarehe 16 Oktoba 1943. Alipona baharia mmoja tu, aliyeogelea zaidi ya siku nzima hadi Khor Fakkan.

Wajapani walikuwa wametangulia. Mei 1942 nyambizi zao tano zilifika upande huu, baadhi zikiwa zimebeba ndege ndogo zilizokunjwa ndani ya ghala la sitaha. Ndege ya I-10 iliruka juu ya Diego Suarez, Madagaska, ikaiona manowari Ramillies ikiwa imetia nanga. Jioni iliyofuata, tarehe 30, nyambizi ndogo za watu wawili ziliachiwa kutoka I-16 na I-20. Ramillies ikajeruhiwa, na meli ya mafuta British Loyalty ikazama. Halafu nyambizi zile kubwa zikatawanyika katika Mlango wa Msumbiji na kuzamisha zaidi ya meli 20 kwa wiki chache. Hakukuwa na kundi, wala hakukuwa na haja nalo, kwa kuwa meli zenyewe zilikuwa zikisafiri mojamoja.

Wajerumani nao walibuni jicho lao. Liliitwa Bachstelze: kiti chepesi cha mabomba chenye pangaboi kubwa juu yake, bila injini. Rubani alijifunga kwenye kiti hicho juu ya sitaha, nyambizi ikaenda kasi kukabili upepo, mapanga yakazunguka yenyewe, naye akapanda angani mfano wa kishada, akiwa amefungwa kwa kamba ya chuma. Kutoka zaidi ya mita 100 juu aliona mbali mara kadhaa kuliko mwenzake wa mnarani, akizungumza naye kwa simu iliyopita kwenye waya. Kazi ilikuwa ya hatari. Ndege ya adui ikitokea ghafla, nyambizi ilitaka kuzama mara moja, na aliye juu hakushuka mara moja. Ndiyo maana kifaa hicho kilipelekwa Bahari Hindi, ambako ndege zilikuwa chache. Nijuavyo, kilileta windo moja tu: meli ya Kigiriki Efthalia Mari, iliyozamishwa na U-177 karibu na Madagaska Agosti 1943.

Redio, iliyokuwa ulimi wa kundi, ndiyo iliyolisaliti. Kila ujumbe ulionyesha mahali ulipotoka kwa mwenye mitambo ya kusikiliza, na wataalamu wa Kiingereza walikuwa wakizivunja siri za maandishi. Mwaka 1942 baadhi yao walihamia Mombasa, katika majengo ya shule ya Allidina Visram, wakishughulikia ujumbe wa Wajapani. Siri za Wajerumani zilivunjwa Uingereza. Na nyambizi isiyo na bandari ya karibu haina budi kuitana na meli ya mafuta katikati ya bahari. Meli mbili za namna hiyo, Charlotte Schliemann na Brake, zilikutwa na manowari za Uingereza na kuzama Februari na Machi 1944. Hapo ndipo kuanguka kwa Kismayu na Massawa kulipolipa.

U-852 ya Kapteni Heinz-Wilhelm Eck ilifika katika hali hiyo. Njiani, Machi 1944, ilikuwa imeizamisha meli ya Kigiriki Peleus katika Atlantiki, kisha Eck akaamuru mabaki na maboya yapigwe risasi ili ndege zisigundue kwamba nyambizi imepita. Watu waliokuwa wameyashikilia waliuawa. Watatu waliokolewa baadaye. Mei 2 ndege za Wellington kutoka Aden ziliikuta U-852 nje ya pwani ya Somalia. Ikakwama karibu na Bandarbeyla, na mabaharia waliofika nchi kavu wakakamatwa, baadhi yao na Somaliland Camel Corps, askari wa ngamia. Ndani ya nyambizi Waingereza walipata kitabu cha safari, kilichoonyesha ilikuwa wapi Peleus ilipozama, pamoja na Bachstelze. Eck na maofisa wake wawili walipigwa risasi Novemba 30, 1945, baada ya kesi ya Hamburg.

Hata hivyo, pigo kubwa zaidi kwa watu wetu lilitoka kwa nyambizi isiyo na kundi wala kishada. Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa KR 8 uliondoka Kilindini kwenda Ceylon: meli tano za abiria wa kijeshi. Tarehe 12, karibu na Maldivi, zilikuwa zikilindwa na manowari tatu tu, Hawkins, Petard na Paladin. I-27 ya Wajapani ilipenya katikati na kuipiga Khedive Ismail torpido mbili. Meli ilizama chini ya dakika mbili. Ndani yake kulikuwa na wauguzi, wanamaji, na karibu watu 1,000 wa kikosi cha mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki. I-27 ilijificha chini ya waliokuwa wakielea, na Petard ikaangusha mabomu ya majini palepale walipo, kisha ikaimaliza nyambizi kwa torpido. Kati ya watu 1,511 walikufa 1,297.

Wapo wanaoitaja ajali hiyo kama ushahidi wa ustadi wa Wajapani. Sikubaliani nao. Meli tano zilizojaa askari, mabaharia na wauguzi zilipewa walinzi watatu kwa sababu manowari nyingi zilihitajika kwingine, na nyambizi moja ikatosha. Kumbukumbu ya wapiga mizinga hao iko katika makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, Nairobi, na lango lake liko wazi kwa mwananchi yeyote.