Chuo Huanza Siku ya Kusaini Mkataba: Ningemwambia Nini Mimi wa Miaka 21

Wengi wetu tulikuja Uarabuni na cheti cha fomu fo na ahadi moja: "Nafanya miaka miwili, nakusanya, narudi kusoma." Miaka miwili inaisha, mkataba unaongezwa, chuo kinabaki maneno. Akili tunazo na kazi tunafanya. Kinachotukwamisha ni kuanza kufikiria chuo wakati mkataba unaisha, ilhali mambo yake mengi hutaka mwaka mzima au zaidi.

Kama ningeweza kukaa na yule binti wa miaka 21 niliyekuwa, kabla hajapanda ndege kwenda Muscat, ningemwambia haya. Wewe dada unayefanya kazi za ndani, na wewe kaka wa saiti, chukueni yanayowahusu.

1. Karatasi kwanza, pesa baadaye

Mdogo wangu, jina lako lisomeke vilevile kila mahali: cheti cha kuzaliwa, cheti cha NECTA, kitambulisho cha NIDA na pasipoti. Tarehe ya kuzaliwa nayo hivyohivyo. Wapo mawakala wanaomwongezea binti miaka kwenye karatasi ili safari ipite haraka. Usikubali. Safari itapita, lakini siku ukiomba chuo au mkopo, karatasi mbili zenye tarehe mbili zitakusimamisha mlangoni.

Kama majina tayari yanatofautiana, anza kurekebisha sasa. Cheti cha kuzaliwa ni kazi ya RITA kwa Tanzania Bara, na Zanzibar kuna ofisi yao ya usajili wa matukio ya kijamii. Tofauti ya majina mara nyingi hutaka kiapo cha wakili. Ndugu mwaminifu anaweza kukuanzishia huko nyumbani.

Cheti chako halisi usisafiri nacho. Kiache kwa mtu unayemwamini, wewe beba kopi na picha kwenye simu. Kikipotea ugenini, kupata kingine ni mzunguko mrefu.

2. Jua ufaulu wako unakufikisha wapi

Watu wengi husema "nilifeli" bila kuangalia vizuri. Tanzania, alama ya D huanzia 30, na D ni ufaulu. Ngazi ya cheti cha awali kwenye vyuo vinavyosimamiwa na NACTVET kwa kawaida hutaka D nne za masomo yasiyo ya dini. Kwa hiyo mwenye divisheni foo anaweza kuwa na mlango. Kozi za afya zina masharti yake zaidi, hasa baiolojia na kemia, kwa hiyo soma mwongozo wa kozi yenyewe.

Kama D hazitoshi, unaweza kurudia masomo machache kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mtihani wa fomu fo hufanyika Novemba, lakini usajili wake hufungwa miezi mingi kabla. Mkataba ukiisha Agosti na hukujisajili, umepoteza mwaka. Hapo ndipo kalenda inapokula watu.

Kwa kaka fundi: kama umejenga miaka mitano bila cheti, uliza VETA kuhusu urasimishaji wa ujuzi. Unapimwa kwa kile unachojua tayari, na cheti hicho kinakufungulia njia.

Na jambo ambalo halina gharama: vyuo vingi vya Tanzania hufundisha kwa Kiingereza. Nusu saa kila usiku kabla ya kulala, soma kitabu cha baiolojia au hesabu cha fomu tatu kwenye simu. Kama kuna watoto nyumbani kwa bosi wanaosoma kwa Kiingereza, ongea nao. Unalipwa huku unajifunza.

3. Fanya hesabu ya kweli

Usiweke akiba "ya chuo" bila kujua chuo ni kiasi gani. Omba chuo unachokitaka maelekezo ya kujiunga, kisha andika yote: ada, michango, bima ya afya, sare, mafunzo kwa vitendo, chumba, chakula na nauli. Ada peke yake hudanganya, maana chakula na chumba vinaweza kuipita.

Tuchukue mfano. Mshahara ni rial 90 za Oman. Nyumbani unatuma 45, chuo 25, dharura 10, matumizi yako 10. Miezi miwili ya mwanzo tuiache kwa madeni ya safari. Inabaki 22. Mara 25 ni rial 550. Rial moja ikiwa shilingi 6,500, hiyo ni shilingi 3,575,000.

Sasa upande wa chuo, bado kwa mfano: ada 1,300,000, michango na vifaa 300,000, chakula na chumba 150,000 kwa miezi 10, yaani 1,500,000. Jumla ya mwaka ni 3,100,000.

Umeona? Mkataba mmoja umebeba mwaka mmoja. Kozi ya miaka mitatu ni 9,300,000. Mkataba wa pili wa miezi 24, ukiweka rial 35 badala ya 25, unaleta rial 840. Jumla inakuwa rial 1,390, sawa na shilingi 9,035,000. Zinapungua 265,000 tu, na hizo mtu anazitafuta likizo. Au unachagua kozi fupi ya ufundi na kurudi mapema. Yote mawili ni sawa, mradi umechagua mwenyewe ukiwa na hesabu mkononi.

Usiegemee mkopo kabla hujasoma masharti. Mikopo ya HESLB kwa kiasi kikubwa ni ya shahada. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 baadhi ya kozi za stashahada nazo zimeingizwa. Upo pia ukomo wa umri na wa muda tangu ulipomaliza masomo, na kwa mtu aliyekaa ughaibuni miaka hilo ni jambo kubwa. Pia pesa ya mkopo inaweza kuchelewa kuingia wakati wewe umesharipoti na unatakiwa kula. Miezi mitatu ya mwanzo ibebe mwenyewe.

4. Pesa ya chuo iwe na jina na makazi yake

Pesa isiyo na jina huliwa na kila shida. Bati la mama litavuja, mjomba ataugua, harusi itakuja. Ndiyo maana kwenye mfano wetu kuna fungu la dharura. Likiisha, sema ukweli: "Mwezi huu sina." Huna haja ya kutaja fungu la chuo, wala kiasi kilichomo.

Ifungulie akaunti yenye jina lako, na namba ya simu iliyounganishwa iwe yako. Usiiweke kwenye akaunti ya kaka wala ya mchumba, hata kama ni mtu mzuri. Akifariki au mkigombana, pesa inaingia kwenye mambo ya watu. Kwa fungu la kukaa mwaka au zaidi, mifuko ya uwekezaji wa pamoja kama ya UTT AMIS inafaa kuangaliwa. Mchezo na upatu ni wa kununua kitanda. Karo usiiweke huko.

Na ukituma, angalia vitu viwili pamoja: ada ya kutuma na bei ya kubadilishia. Duka linalosema "kutuma bure" linaweza kukukata kwenye bei.

5. Panga ukirudi nyuma kutoka siku ya kuripoti

Vyuo vingi vya kati hupokea wanafunzi Septemba au Oktoba, na baadhi hupokea tena Machi. Anza na mwezi huo, rudi nyuma: maombi lini, vyeti viwe tayari lini, tiketi lini, na bosi aambiwe lini kwamba huongezi mkataba. Mwambie mapema, kwa heshima, kama mkataba wako unavyotaka.

Kabla ya kulipa hata senti, hakikisha chuo kimesajiliwa na NACTVET, au na TCU kama ni chuo kikuu. Ada ilipwe kwa akaunti au namba ya malipo ya chuo. Mtu akikutumia namba yake ya simu akisema "nitakushikia nafasi", funga mazungumzo.

Kwa ndugu zetu wa Kenya

Njia ni ileile, ofisi ndizo tofauti. Shahada kupitia KUCCPS hutaka wastani wa C+ kwenye KCSE, lakini diploma huanzia C- na cheti cha ufundi D. HELB hukopesha pia wanafunzi wa vyuo vya ufundi. Fundi mwenye ujuzi bila cheti anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, kuanzia gredi ya tatu.

Wiki hii fanya mambo matatu

Mpigie mtu nyumbani akupige picha cheti cha kuzaliwa na cheti cha shule, ulinganishe jina herufi kwa herufi na pasipoti. Chagua kozi moja na uombe chuo maelekezo ya kujiunga. Mshahara ukiingia, toa fungu la chuo kabla hujatuma popote, hata likiwa rial 10.

Ukianza hivyo ukiwa na miezi 20 mbele yako, mkataba unapoisha tayari unajua unarudi kuripoti wapi.